Jicho la Kushoto

Waliletwa watatu kwa mkokoteni mmoja
kutoka Langoni, adhuhuri ya Februari:
Bi Mwanamize, mkwewe Rukia,
na mjukuu, Famau, wa miaka saba.
Wamewaka uso, wakavu kama vigae,
bila tone la jasho,
na sisi tuliowapokea tumelowa hadi mgongoni.
Famau aliokota shanga hewani,
moja moja, akazitia mfukoni.
Hakukuwa na shanga.
Alikuwa kifua wazi; hakukuwa na mfuko.

Mlangoni walikuwa washasema: jini.
Jirani akaja na chetezo na ubani,
nesi akamwomba asubiri nje, kwa adabu,
maana hapa hatumfukuzi mtu,
tunampanga foleni.

Mimi kazi yangu ni damu.
Nilifunga mpira juu ya kiwiko, nikapapasa mshipa,
nikajaza mirija mitatu ya vizibo vya zambarau.
Kwenye fomu pana mstari: *Sumu inayoshukiwa.*
Niliuacha mtupu.

Damu haisemi hapa Lamu.
Husemeshwa Mombasa, na mashine
yenye chumba chake, kiyoyozi chake, mlinzi wake.
Basi ikavuka kwa boti hadi Mokowe
ndani ya kasha la barafu lililokuwa la samaki,
ikangoja basi, basi likangoja msafara wa polisi,
ikapita Witu, ikapita Gamba,
abiria asiye na tikiti wala haraka.
Na moyo wa mtoto unapiga mia na sitini.

Hapo nikamkumbuka Mwachofi,
aliyetufundisha sumu kwa kipande cha chaki:
"Mkikosa mashine, msikose akili.
Zamani walitumia jicho."

Paka wa mji huu hawana mwenyewe,
hakuna wa kumwomba ruhusa.
Yule wa kijivu hulalia mtungi mtupu wa oksijeni.
Nilimkamata ukosi, nikamviringa kwa koti langu,
nikamdondoshea tone la mkojo wa Famau
jicho la kushoto.
La kulia sikuligusa; liwe shahidi.
Dakika kumi. Ishirini.
Adhana ya alasiri ikatupitia juu.
Nikamtoa juani.

La kulia lilikuwa uzi.
La kushoto, kisima.

Nilikimbia wodini na paka kifuani kama mwizi wa kuku.
Daktari Nyevu akalitazama jicho la paka,
kisha ya mtoto: mboni pana, nyeusi,
zimemeza rangi yote.
"Mnanaha," akasema.
"Jana walikula mboga gani?"

Makaa ya dawa. Maji ya mshipa. Vitambaa baridi.
Chumba chenye giza, na mikono ya kuwashika.
Kabla ya alfajiri Famau aliomba maji,
akapewa kikombe, akakishika kikombe chenyewe,
si hewa iliyokuwa kando yake.

Karatasi ilirudi siku ya ishirini na tatu:
hiosiamini, skopolamini,
tarakimu zenye nukta, muhuri wa buluu.
Famau alikuwa shule.
Niliipeleka mwenyewe hadi Langoni.
Bi Mwanamize alinimiminia kahawa,
akaniambia nisome polepole,
akasikiliza kama anayesomewa wosia.

"Yasema ni jani gani?"
Yasema, bibi.
"Yasema lilichumwa wapi?"
Hilo alilijua yeye: nyuma ya gofu,
pale mnavu unapoota, na mwenzake kati yake.
"Yasema mkono wa nani?"

Niliikunja karatasi mara nne.
Haina nafasi ya hilo, nikamwambia.
Akaitazama mikono yake mapajani,
hina imebaki kuchani tu.
Jikoni Rukia alikuwa akichambua mchicha,
kila jani akiliinua kwanza kwenye mwanga.

Paka naye alitembea siku mbili
jicho moja amelifumba, akiukwepa ukuta mweupe.
Nilimpelekea kichwa cha changu. Alikila.
Lakini mpaka leo, nikitoka nimevaa koti,
huuacha mtungi, akaenda zake.